Kalibu, tanuri na mzani: namna kampuni ya fimbo za kuvulia inavyokua

(Hotuba iliyotolewa Mtwara mbele ya mafundi, wavuvi na vijana wanaokusudia kufungua karakana. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu mafundi, wavuvi wetu wa Mikindani, Msimbati na Lindi, na vijana mliotoka vyuoni: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mada ya leo ni kukua kwa kampuni inayotengeneza kitu kimoja tu, fimbo ya kuvulia. Ukitaja kukua, wengi huona jengo kubwa, mashine nyingi na foleni ya wafanyakazi getini. Katika kazi hii mambo yamekwenda vingine. Kampuni zilizodumu ni zile zilizoshika hatua moja ngumu ya kazi na kuifanya vizuri kuliko jirani. Hatua hiyo ni kutengeneza bomba, yaani mwili wa fimbo kabla haujafungwa pete za kupitishia mshipi, kiti cha rili (gurudumu la kukunjia mshipi) na mpini. Anayenunua bomba kwa mwingine na kulifunga pete ni fundi, tena anaweza kuwa fundi hodari, lakini biashara yake imo mikononi mwa anayemuuzia bomba.

Tuwatazame waliotangulia. Katika mji mdogo wa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, William Hardy alianza mwaka 1872 kama fundi bunduki, akaungana na ndugu yake John James, na fimbo zikafuata baadaye. Ng'ambo ya bahari, Bangor huko Maine, Marekani, Hiram Leonard naye alikuwa mtu wa bunduki. Hilo halinishangazi. Fundi bunduki amezoea chuma chembamba, amezoea kupima kwa sehemu ndogo sana, na anajua kwamba kosa dogo halionekani dukani, linaonekana siku ya kutumia.

Leonard alipata jina kwa fimbo za mwanzi uliopasuliwa. Vipande sita virefu huchongwa pembetatu, kila kimoja kwa pembe ya nyuzi 60, kikipungua unene kutoka mpinini kwenda nchani, kisha hugandishwa pamoja vikawa fimbo ya pande sita. Kuchonga kwa mkono kunachukua muda mrefu, kwa hiyo alitumia mashine ya kuchongea, na mashine hiyo aliifungia chumba chake. Kufuli halikusaidia sana. Fred Thomas, Eustis Edwards na Edward Payne, waliofanya kazi kwake, waliondoka, na kila mmoja jina lake likawa chapa inayotafutwa na wakusanyaji wa fimbo mpaka leo. Mwenye karakana afikirie mapema atawafanyia nini mafundi wake bora ili wabaki, maana siri ya kazi inatembea kwa miguu.

Pigo la pili lilitoka kwenye malighafi. Mwanzi uliotumika ulikuwa ule unaoitwa Tonkin, unaoota kusini mwa China, jimbo la Guangdong. Mwaka 1950, wakati wa vita vya Korea, Marekani ilipiga marufuku biashara na China, na mwanzi ukakatika. Waliokuwa wamekwisha kujaribu faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, hawakutetereka. Shakespeare, kampuni iliyoanza mwaka 1897 huko Kalamazoo, Michigan, ilikuwa imetoa fimbo yake ya faiba tangu 1947. Wenye mwanzi peke yake walibaki wakihesabu akiba iliyo ghalani.

Kisha ikaja kaboni. Nyuzi za kaboni zenye nguvu ziliendelezwa Farnborough, Uingereza, miaka ya 1960, kwa ajili ya ndege. Mwaka 1973 Fenwick ya Marekani ilipeleka sokoni fimbo za kaboni, nyepesi na ngumu kuliko faiba, na kila mtu akakimbilia huko. Hapa ningependa wavuvi wasikilize vizuri: kaboni haipendi kugongwa. Fimbo ya kaboni iliyogonga ukingo wa boti inaweza kuonekana nzima, ikavunjika wiki ya tatu mbele ya samaki mdogo. Ndiyo maana mwaka 1976 Shakespeare ikatoa Ugly Stik, iliyochanganya kaboni na faiba na kuwekewa ncha ya faiba isiyo na uwazi ndani. Haikuwa nyepesi kuliko zote, lakini ilivumilia kukanyagwa na kurushwa ndani ya mtumbwi, na inauzwa hadi leo. Kwa mazingira yetu, huo ndio mfano wa kuufuata kabla ya fimbo za kisasa za gramu chache.

Wa mwisho katika historia ni Gary Loomis, fundi wa kukereza chuma, aliyeanzisha G.Loomis mwaka 1982 huko Woodland, jimbo la Washington. Mwaka 1997 kampuni ikanunuliwa na Shimano ya Japani. Mkereza chuma katika biashara ya fimbo alikuwa na faida moja kubwa, na faida hiyo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu.

Ni kalibu. Bomba la faiba au la kaboni huviringishwa juu ya nondo ya chuma iliyokerezwa, nene upande wa mpini, nyembamba upande wa ncha. Umbo la nondo hiyo ndilo linaloamua fimbo itapinda wapi. Ikipungua unene haraka karibu na ncha, fimbo hupinda juu tu na kurusha chambo kwa wepesi. Ikipungua polepole, hupinda mpaka mpinini na kufyonza mshtuko wa samaki. Kwa hiyo mwenye kalibu zake ana fimbo zake. Asiye nazo anauza fimbo ya mtu mwingine yenye stika yake.

Kalibu ndiyo pia inayoweka kikomo cha uzalishaji, jambo ambalo watu hulisahau wanapoandika mpango wa biashara. Kila bomba linakaa juu ya kalibu yake kuanzia kuviringishwa mpaka kutoka tanurini. Ukiwa na kalibu 10 za aina moja na tanuri likachoma mara 2 kwa siku, huwezi kutoa zaidi ya mabomba 20, hata ukiajiri kijiji kizima. Ukizidisha kalibu ziwe 30, utagundua shida imehamia kwenye mashine za kugeuza fimbo wakati epoksi, gundi ya sehemu mbili inayofunika uzi uliofunga pete, inakauka. Kila fimbo inahitaji mikono miwili ya epoksi, na kila mkono unachukua takriban siku nzima. Mabomba 20 kwa siku yanadai nafasi 40 za kugeuzia. Kalibu 30 zinadai nafasi 120. Kabla ya kununua chochote, chora mstari wa kazi ukutani, andika kila hatua inashika fimbo kwa muda gani, kisha ununue pale palipobana.

Sasa tuingie kwenye bomba lenyewe. Chukulieni fimbo ya boti ya mita 1.8, ya faiba, tabaka 5. Kalibu ina kipenyo cha milimita 12 mpinini na milimita 2.5 nchani. Kitambaa cha faiba kilichokwisha kutiwa gundi kiwandani kina unene wa milimita 0.15. Fundi mgeni atapiga hesabu hivi: mzingo wa milimita 12 ni 37.7, mara 5 ni 188.5. Nchani mzingo ni 7.85, mara 5 ni kama 39. Atakata kitambaa chenye umbo la bendera ndefu, upana 188.5 huku na 39 kule, na atakuwa amekosea. Kila tabaka linanenepesha bomba, kwa hiyo tabaka linalofuata linahitaji kitambaa zaidi. Hesabu sahihi inatumia kipenyo cha katikati ya unene: 12.75 mpinini na 3.25 nchani. Upana unakuwa 200 na 51.

Angalieni upungufu: ni milimita 12 karibu sawa pande zote mbili. Mpinini, tabaka la mwisho lina mzingo wa karibu milimita 42, kwa hiyo umekosa robo na kidogo ya tabaka moja na hakuna atakayegundua. Nchani tabaka la mwisho lina mzingo wa milimita 12. Umekosa tabaka zima. Fimbo ina tabaka 5 mpinini na 4 nchani, na mteja atakuambia fimbo zako zinavunjika juu. Ukiongeza gundi au vanishi hapo, hujarekebisha kitu.

Kitambaa chenye gundi ni kama samaki, kinataka barafu. Kihifadhiwe kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, na muda wake wa kuishi uandikwe na muuzaji. Nje ya friza kinaanza kujikausha polepole, na joto letu linaharakisha. Kontena likisimama bandarini wiki mbili kwenye jua, unaweza kupokea kitambaa kilichokwisha kukakamaa, ambacho hakitashikana tabaka kwa tabaka. Agiza kwa usafiri wa baridi, weka ndani ya boksi kidude cha kurekodi joto, na ukatae mzigo uliopikwa njiani. Ukitoa furushi kwenye friza, liache limefungwa mpaka lifikie joto la chumba. Ukilifungua likiwa la baridi, unyevu wa hewa ya Mtwara utaganda juu ya kitambaa, na unyevu huo ukiingia tanurini unakuwa mapovu ndani ya bomba.

Kuviringisha: kalibu isafishwe na kupakwa nta ya kuachanisha, ukingo wa kitambaa ubanwe kwa pasi ya vuguvugu, kisha kiviringishwe kati ya meza mbili tambarare zenye mgandamizo sawa. Baada ya hapo bomba hufungwa kwa utepe wa plastiki unaojikaza kwenye joto, kila mzunguko ukipanda juu ya uliotangulia kwa hatua ya milimita 2 au 3. Utepe huu ndio unaokandamiza tabaka. Ukilegea, hewa inabaki ndani. Ukikazwa mno mahali pamoja, gundi inakamuliwa na nyuzi zinabaki kavu.

Tanuri si lazima liwe la kununua. Boksi refu la bati lenye sufi ya kuzuia joto, hita za umeme na feni linatosha, mradi lifikie joto ambalo mtengenezaji wa gundi ameliandika. Gundi nyingi za kazi hii hukauka kwenye nyuzi 120 hadi 150 kwa saa moja au zaidi. Mabomba hutundikwa wima. Hewa moto hupanda, kwa hiyo bila feni sehemu ya juu huiva na ya chini hubaki laini. Weka vipima joto vitatu, juu, katikati na chini, na usiamini kimoja. Bomba likipoa, kalibu huchomolewa kwa kuvutwa kupitia sahani ya chuma yenye tundu. Ikigoma, nta ilikuwa haba au kalibu ina mkwaruzo. Kuigonga kwa nyundo ni kuharibu bomba na kalibu kwa pamoja.

Utepe ukibanduliwa huacha vimistari. Wengi huvisugua kwa msasa mpaka bomba ling'ae. Mimi ningewashauri msugue kidogo sana, kwa maji. Msasa ukipita gundi unakata nyuzi, na nyuzi ndizo zinazobeba samaki. Vumbi la faiba na la kaboni halifai kuingia mapafuni, kwa hiyo barakoa ya vumbi laini, miwani na maji ni lazima, si mapambo ya siku ya ukaguzi.

Pete. Kanuni ya zamani ni urefu kwa futi, ongeza moja, kwa hiyo fimbo ya futi 6 ina pete 7 pamoja na ya nchani. Kanuni hiyo ni ya kuanzia tu. Zifunge kwa muda, pitisha mshipi, ning'iniza uzito, uone mshipi unavyofuata mkunjo. Ukikata kona mahali au ukigusa bomba, sogeza pete. Mguu wa kila pete usuguliwe mpaka uwe mwembamba kama makali, vinginevyo uzi utaruka juu yake na kuacha nafasi, na mguu utachimba bomba kila fimbo inapopinda.

Epoksi ya kufunikia uzi kwa kawaida huchanganywa sehemu moja kwa moja kwa ujazo. Mililita 3 na mililita 3, bomba la sindano moja kwa kila chupa, zisibadilishane kamwe. Koroga taratibu dakika 2 au 3, mimina kwenye karatasi ya alumini ili mapovu yatoke, paka, kisha fimbo igeuzwe polepole kwa saa kadhaa. Sindano zenye mpira uliopakwa silikoni huacha vijishimo kama macho ya samaki juu ya epoksi, na fundi atalaumu epoksi.

Hapa pwani adui ni unyevu. Kuanzia Desemba mpaka Aprili hewa yetu ni nzito, na vigumisho vingi vya epoksi vikikutana na unyevu na hewa ya ukaa hutoa utando wa maziwa unaonata. Jengeni chumba kidogo kilichofungwa chenye kiyoyozi au kifaa cha kukausha hewa, na kipimo cha unyevu ukutani. Ikizidi asilimia 65, paka epoksi kesho.

Kuna jambo la kwetu hapa. Mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, ndiyo nyumba ya korosho, na maganda ya korosho yana mafuta meusi. Viwanda vya kemikali nje ya nchi huyatumia kutengeneza vigumisho vya epoksi vinavyokauka hata penye unyevu, na hutumika kwenye rangi za meli. Rangi yake ni ya kahawia, kwa hiyo havifai juu ya uzi wa mapambo, lakini kwa kugandisha kiti cha rili na mpini vinafaa kujaribiwa. Nasema vigumisho vilivyotoka kiwandani. Asijaribu mtu kuchanganya mafuta ghafi ya ganda kwenye epoksi. Hayatagandisha chochote, na kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua yanavyounguza ngozi.

Mpingo nao huulizwa kila mara, kwa sababu Lindi ni kwao, na mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri. Ni mti mzuri mno. Lakini ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mpini mzima wa mpingo unaifanya fimbo ichoshe mkono. Pete ya mpingo mwishoni mwa mpini, sawa, tena inauza. Sehemu ya kushika iwe ya sponji ngumu, ile jamii ya soli za kandambili.

Nani atanunua? Tusidanganyane. Mvuvi wa mshipi wa mkono anayeshusha chubwi kumtafuta chewa au changu kwenye miamba haihitaji fimbo. Vidole vyake vinasikia kuliko fimbo yoyote. Fimbo inamsaidia anayerusha chambo kutoka ufukweni au kwenye mwamba, na anayerambaza, yaani anayekokota chambo nyuma ya boti, kutafuta nguru, jodari na kolekole. Wapo pia wageni wa uvuvi wa burudani na wenye boti zao, kuanzia Mafia hadi mpakani. Anzeni na aina tatu, si zaidi: ya kurusha ufukweni, ya kurambaza, na fupi ya boti. Kila aina mpya ni kalibu mpya, vipimo vipya na akiba mpya ya vipuri.

Na kabla ya aina hizo tatu, tengenezeni fimbo za watu zilizovunjika. Kubadilisha pete ya nchani, kuunga bomba, kufunga upya kiti cha rili kilichozunguka kwa sababu aliyekifunga alipaka gundi haba na maji ya chumvi yakaingia. Kazi hiyo inaleta fedha ya kila siku, na inakufundisha fimbo zinavunjika wapi katika bahari hii, elimu ambayo hakuna mwagizaji wa Dar es Salaam aliyo nayo.

Kila bomba lipewe namba, na daftari liandike tarehe, kitambaa cha furushi gani, kalibu ipi, joto la tanuri, na fundi. Kisha mzani. Shika mpini kwa jiliwa, ning'iniza kilo 1 nchani, pima ncha imeshuka milimita ngapi. Mabomba ya aina moja yakitofautiana zaidi ya asilimia 5, simamisha kazi utafute sababu kabla ya kuendelea. Fimbo iliyoandikwa mshipi wa kilo 15 ibebe kilo 5 bila kulalamika, kwa kuwa breki ya rili huwekwa kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Kati ya kila mabomba 50, livunjeni moja kwa makusudi. Karakana inayoona uchungu kuvunja moja itavunjiwa mengi na wateja.

Kuhusu dhamana, mvunjiko wenyewe una maneno. Fimbo iliyovunjika ndani ya sentimita 30 za nchani mara nyingi imeinuliwa wima mno wakati samaki yuko chini ya boti. Iliyokatika safi, yenye alama ya kugongwa, imegongwa. Iliyovunjika kwenye kiungo ilikuwa haijasukumwa mpaka mwisho. Iliyopasuka kwa urefu ikaachana tabaka kwa tabaka, hiyo ni yako, lipa bila ubishi na urudi kwenye daftari kuona mabomba gani mengine yalitoka tanurini siku hiyo.

Kwenye meza ile pembeni kuna vipande vinne vilivyovunjika, kila kimoja kwa sababu tofauti. Pitieni kimoja kimoja mniambie kipi kinalipwa na kipi hakilipwi. Vaeni glavu kwanza, nyuzi za faiba zikiingia kidoleni hazionekani.